Pera la Mama Mkwe

Siku ya kwanza ya kazi, titilere, ndivyo tulivyomwita mkuu wa kituo chetu cha afya huko Nkanka, alinitazama kutoka juu hadi chini. "Maman, dawa iko mu kabati," akasema. "Kazi yako iko kule inje, mu sahani ya bantu." Nikaona ananidharau. Lo! Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka kustaafu.

Nyinyi vijana mnaosomea lishe, sisi tulifundishia katika jiko la kijiji: akina mama wanakutana uani kwa mmoja wao, kila mmoja analeta alicho nacho, tunapika na kula pamoja. Nilisema mpaka koo likakauka: papai na embe kwa macho, parachichi kwa mafuta yake, pera na marakuja, yaani pasheni, ili mwili uweze kuchukua chuma kilicho katika maharage, maana bila chuma damu haitengenezeki. Tunda moja halifanyi kazi ya mengine, changanyeni. Walinisikiliza vizuri, kisha wakawapa watoto matunda yote. Kwetu tunda lilikuwa chakula cha mtoto. Mtu mzima akionekana anatafuna pera, huyo ni mroho, anawapokonya watoto. Na mkamwana mbele ya mama mkwe wake? Thubutu!

Ndivyo nilivyomkuta Esperansi, mimba kubwa, kope zake ndani nyeupe. Titilere alimpa vidonge vya chuma, akanivuta pembeni. "Damu yake iko kidogo sana. Kinini peke haitoshe. Fanya akule." Niliogopa, jamani. Mkamwana wa kwanza wa nyumba aliyoolewa Esperansi alikuwa hivyo hivyo; alitokwa damu akijifungua, tukamzika.

Jikoni, Jumatano iliyofuata, nikampa Esperansi pera. Akainamisha kichwa.

"Hapana, Maman. Batoto bakule kwanza."

Watoto walikuwa wameshashiba, wanacheza. Mama mkwe wake, bibi tuliyemwita Koko Venansia, alikuwa ameketi mkekani, maana siku hiyo tulipikia uani kwake. Nikajikaza, nikamwambia, "Koko, unakumbuka kope za yule wa kwanza?"

Nilijua atanifukuza. Koko akanyoosha mkono, akachukua pera kikapuni, akaliuma mbele ya wote, machozi yakimtoka.

"Mimi muzee, niko nakula," akasema. "Ule wa kwanza nilimukatalia. Weye kula, mwana wangu."

Esperansi akala. Siku zilizofuata akala marakuja, papai, chochote kilichoiva, pamoja na maharage yake na vidonge vyake, na saa ilipofika alijifungulia kituoni. Damu ilitoka, ndiyo, lakini aliondoka na mtoto mgongoni. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale mlangoni.

Sasa nimestaafu, na mizani yangu ya kupimia watoto anaitumia mwingine. Matunda si muujiza, msije mkasema nimewaambia hivyo. Lakini mwaka tulipomzika Koko, Esperansi alipita kwenye msiba na kikapu cha mapera, akiyagawa, akaanza na wazee. Tulikula sote, tukilia, na hakuna aliyemwita mwenzake mroho.