Funda la Kwanza

Mwaka niliokuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, niliomba kazi kwenye baa moja ya mtaa wa Kansanga. Niliitaka mno: zamu ilikuwa ya jioni, asubuhi zote zingebaki zangu, za kuandika.

Mwenye baa alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Alasiri hiyo, viti vikiwa bado juu ya meza, alinipa jaribio moja tu.

"Mwandishi, hapa watu wanakuja kunywa, si kusoma. Nitengenezee ile ya wiski ya rai na vamuthi. Kali, ya mtu mzima."

Nilimimina ndani ya jagi vipimo viwili vya rai, ile wiski kali ya nafaka, na kimoja cha vamuthi, ile divai nyekundu tamu yenye mitishamba, nikadondosha bita, kile kiungo kichungu, mara mbili juu ya barafu. Nikakoroga polepole, bila kutikisa, mpaka jagi likatoka jasho. Rangi ilikuwa ya udongo wa Makindye baada ya mvua. Nikachuja kwenye bilauri, nikatia cheri, na kabla ya kumpa, nikanywa funda.

"Ee! Ya mteja, weye ndiyo unakunywa?"

Mkono ulikuwa umenitangulia. Kwetu kaskazini, anayemimina pombe huionja kwanza mbele ya mgeni, ili ajue haina sumu. Baba yangu, askari mstaafu, hampi mtu kinywaji bila hilo.

"Samahani, mama," nilianza, kisha ladha ikanifikia. Ule utamu wa vamuthi ulikuwa umekufa. Chini yake kulikuwa na siki.

Chupa ilikuwa yake. Ilifunguliwa zamani, ikapangwa rafuni penye jua pamoja na wiski. Kumkosoa mwenye baa siku ya jaribio! Niliziona asubuhi zangu zikiondoka, moja baada ya nyingine.

"Siwezi kukupa hii, mama. Vamuthi imechacha. Ni divai, inataka friji."

Alinitazama. Akaonja, uso ukakunjamana. Halafu akacheka mpaka akashika kaunta.

"Na juzi nimeuzia mzungu, akasema eti iko na ladha ya Afrika!"

Alifungua chupa mpya. Nikaanza upya, na safari hii alinipa mrija, nionje tone bila mdomo kugusa bilauri. Yake aliimaliza yote, na cheri akaila.

"Kesho saa kumi," alisema. "Na shati nyeupe."

Nilitoka kwenye jua la barabara ya Ggaba, wiski bado inawaka ulimini, nikitembea haraka kama mtu aliyeitwa nyumbani kuandika.