Chupa za Kijani Uani

Enzi za foleni, mtu aliacha jiwe kushika nafasi yake dukani, akaenda zake kupiga soga. Siku moja nikarudi nikakuta mbuzi kalilalia jiwe langu. Watu wakasema zamu ni ya mbuzi. Nikakosa sukari kwa kucheka. Lakini siyo hayo niliyotaka kusema.

Foleni zilipokwisha, kila mtu akawa mfanyabiashara. Mke wangu akaanza kuuza pweza na kome wa kuchemsha hapa Mtoni, Temeke, na mie nikapangisha chumba cha uani. Mpangaji alikuwa kijana wa bara, msomi wa mambo ya bahari. Akajaza ua chupa za maji ya kijani.

"Mwanangu, unafuga ukoga wa majini?" mke wangu akamuuliza.

"Ndiyo, mama. Nataka ubebe chanjo. Mtu akoroge kwenye uji, anywe, tumbo lijifunze kupigana na vijidudu vya kipindupindu vya kwenye kome."

"Bila sindano?"

"Bila sindano. Ila itachukua miaka."

"Miaka! Hata pweza mzee anaiva mchana mmoja!"

Alitania, lakini alikuwaga anazigeuza chupa juani yeye mwenyewe. Kipindupindu kilikuwa kimeingia, biashara yake imefungwa, na tumaini lake akaliweka mle.

Ndipo akaja bwana afya kutia dawa ya kuua vijidudu katika kila chombo cha maji. Mke wangu, kwa hamu ya kufunguliwa biashara, akamwonyesha mtungi, ndoo, birika la kutawadhia, na zile chupa pia.

"Usiruke hata moja, baba."

Kesho yake kijani kikapauka chote. Mpangaji akachuchumaa, akanusa chupa. Mke wangu akashika kichwa.

"Mwanangu, nimekuulia kazi yako!"

Kijana, jamani, akacheka. "Mama, kwa usafi huu kipindupindu kitahama Temeke." Akaingia chumbani, akatoka na kichupa alichokuwa amekificha dirishani, kijani kibichi. "Mbegu ipo."

Akaanza upya. Chupa zikajaa tena, nzuri kuliko mwanzo. Asubuhi moja akasema sasa ukoga unafaa kwenda maabara, akachagua chupa iliyokoza, mke wangu akamfungia kwa kanga.

"Ukirudi uje na huo uji!"

"Nitakuja nao, mama."

Akavuka barabara ya Kilwa, chupa kifuani, akaenda. Hakurudi, na mpaka leo hatujui kilichompata.