Maji ya Mvua kwenye Vioo vya Selpher

Selpher alikuwa mkaidi, na ukaidi wake ulikuwa wa usafi. Mkenya huyu wa Bungoma alipima damu na uvimbe katika maabara ya chumba kimoja Namakwekwe, Mbale, nchini Uganda, na maji ya bomba hakuyaamini hata siku moja. Mwaka 1994 mabomba yalipokauka, yeye alifurahi. Akakinga mvua kwenye pipa, akaoshea vioo vyake vya kupimia maji ambayo, kwa macho yake, hayakuwa na doa.

Ndipo Afande Akello, askari wa magereza, alipomleta bintiye Peace, taya limevimba. Selpher alichoma sindano, akapaka majimaji kwenye vioo viwili, akatia rangi ya kuonyesha viini vya seli. Rangi ile huanza nyekundu. Ikioshwa kwa maji yenye chumvichumvi za ardhini, viini hugeuka buluu iliyokolea, vikaonekana kama mbegu ndani ya pera. Maji ya mvua hayana chumvi hizo. Kwenye hadubini viini vilibaki vyekundu hafifu, na Selpher akadhani anaangalia usaha.

"Ni jino tu, Afande. Ling'olewe."

"Asante, musawo," Akello alisema, akimwita daktari kwa Kiganda. "Mimi nilikuwa naogopa kansa."

Jino likang'olewa. Akello akahamishiwa Jinja pamoja na mtoto wake.

Kwa wiki kadhaa vioo vya wagonjwa wengine viliendelea kupauka mpaka Selpher akaingiwa na shaka juu ya maji yake. Alichota maji ya kisima cha pampu kule Malukhu, akatosa kioo cha pili cha Peace, alichokuwa amekiweka akiba. Buluu ikapanda. Viini vikajitokeza vikubwa, vimebanana, kila mahali. Ilikuwa kansa ya taya, ile inayokua mbio na ambayo dawa huiweza ikiwahiwa. Alijichukia, na alikuwa na haki ya kujichukia.

Kesho yake alisafiri hadi Jinja, akauliza njia mpaka akafika Wanyange, alikopanga Akello. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kueleza maji na rangi. Akello alifungua mlango. Nyuma yake Peace alilala mkekani, jicho limesukumwa nje, uvimbe umemeza nusu ya uso.

"Afande, nimepima tena. Nimeona ugonjwa wenyewe."

"Musawo," Akello alisema polepole, "sasa hata jirani anaona."

Kisha akampisha aingie.