Sekunde Kumi na Moja Zilizomla Fundi Jasho

Saa moja asubuhi, fundi wa cherehani anagonga ukuta wa mbao mara tatu kwa koleo. Upande wa pili, kwa kinyozi, redio inazimwa. Fundi anaegemeza simu kwenye kopo la mafuta, anawasha kamera na kuzungusha gurudumu la cherehani polepole kwa mkono.

"Sikilizeni hapa," anaiambia simu. "Tak, tak, halafu inakwaruza. Sindano inagusa chuma. Usikimbilie kununua cherehani mpya, mwanangu, utapigwa."

Wateja humwita Mama Bobini. Ana miaka hamsini na miwili, na ana hasira. Si hasira za kununa. Ni zile za kukaza skrubu mpaka ikatike.

Kwa miaka ishirini na mitatu alizunguka nyumba kwa nyumba na sanduku la vifaa begani. Goti la kulia lilipogoma, binti wa dada yake alimfungulia chaneli ya video mtandaoni. "Mama mdogo, kaa chini, watu wakufuate wao," alimwambia.

Alirekodi mwaka mmoja na miezi saba bila kuingiza senti, akisubiri wafuatiliaji wafikie idadi inayotakiwa ndipo mtandao umgawie fedha za matangazo. "Mashemeji walinicheka. Walisema naongea na chuma."

Kisha video moja, ya cherehani inayoruka nyuzi, ikatazamwa mara laki mbili. Ilikuwa imwingizie dola mia moja na arobaini, kodi ya chumba kwa miezi miwili na cha kubaki. Akawaarifu wateja wa mbali kwamba hatawafuata tena majumbani.

Hakuona hata shilingi. Wimbo kutoka redio ya kinyozi ulikuwa umepenya mbao kwa sekunde kumi na moja, na wenye haki ya wimbo wakachukua pato la video nzima. Hakuna anayekataa mwimbaji alipwe. Lakini video ni ya dakika kumi na nne, na zilizobaki zote ni jasho la mwanamke mwenye goti bovu. Na malipo yake yamekwenda kwa watu wasiojua hata uzi unatungwa wapi.

"Na kinachoniuma zaidi," anasema, "kwenye zile sekunde mimi mwenyewe nasikika naitikia. Nimewaimbia bure."

Alikata rufaa kwa wenye mtandao. Jibu lilirudi baada ya dakika nne, chai yake haijapoa: madai ni halali, akipenda aondoe sauti.

"Niondoe sauti? Cherehani hutengenezwa kwa sikio. Aliyeandika vile hajawahi kushika sindano. Pengine hata si mtu."

Yeye na binti wa dada yake walipokagua chaneli, video thelathini na moja zilikuwa na redio ndani yake. Mama Bobini akamwendea kinyozi, koleo mkononi.

"Dada, nilidhani nakuburudisha," kinyozi anakumbuka alivyomwambia, macho chini. "Nikikusikia unaimba, nilikuwa naongeza sauti."

Angemfanya nini mtu kama huyo? Akarudi kiti chake, na hasira akaipeleka inakostahili. Tangu siku hiyo anarekodi upya, video moja baada ya nyingine, kwa makubaliano ya kugonga ukuta. Siku tatu kwa wiki amerudi barabarani, goti limefungwa bendeji, kwa sababu kodi haisubiri rufaa. Anataka zote thelathini na moja ziwe tayari kabla ya mwaka kwisha, alitue lile sanduku moja kwa moja.

Leo ni zamu ya ile ya laki mbili. Akishaipandisha mpya mtandaoni, anaifungua ya zamani na kuweka kidole penye alama ya kufuta. Binti wa dada yake, aliyekaa kando yake, anamshika mkono.

"Mama mdogo, usifute. Watu wanakujua kupitia hiyo."

"Wananijua mimi, wanawalipa wao. Hebu niachie."

"Utaanza na sifuri."

"Sifuri yangu," anasema, na anabonyeza.

Kisha anachukua koleo na kugonga ukuta mara moja. Redio inarudi, na wimbo unaopigwa anaujua mwanzo mpaka mwisho. Kinyozi anaongeza sauti kidogo, kwa mazoea. Mama Bobini anachukua cherehani inayofuata, anafungua skrubu ya kwanza, na safari hii haitikii wimbo.