Nusu ya Vidonge

Mama yangu aligawa dawa yake ya saratani kama mtu anavyogawa chumvi. Naandika hivyo moja kwa moja, maana nikizunguka nitalia.

Alikuwa na uvimbe kwenye shingo ya kizazi. Daktari kule Mwanza alituambia mionzi itaanza baada ya wiki mbili, ila kabla ya hapo ameze vidonge, asubuhi na jioni, bila kuruka. Nimeishia kidato cha nne na baiolojia ilinitoa jasho, lakini nilimwelewa. Uvimbe ni mlafi, alisema. Unaimaliza oksijeni pembeni, katikati hakufiki kitu, na seli zilizokosa oksijeni ni ngumu kufa kwa mionzi. Vidonge vinaupunguzia ulafi, ili oksijeni inayobaki ifike ndani, mionzi nayo ifanye kazi yake. "Bado tunaichunguza njia hii," akasema, "siwaahidi muujiza." Mama akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali.

Tukarudi kijijini, ng'ambo ya Makere, huku Kasulu. Jirani yetu, mama mmoja mwenye kisukari, akaja kumpa pole. Akakiona kidonge mkononi mwa mama.

"Ee! Si ndivyo vyangu vya sukari hivi? Mimi nazungushwa zahanati, naambiwa havipo, kumbe unavimeza wewe usiye na sukari!"

Wakacheka, maana kweli vilikuwa vile vile. Nilikuwa uani namwogesha mwanangu, nikacheka nami. Mjinga.

Siku ya kumi jioni nilimkuta mama anafunga kidonge kwenye kipande cha karatasi. Alikuwa anajiandaa kutoka.

"Mama, kidonge hicho kinakwenda wapi?"

"Tunagawana."

"Mnagawana? Maharage haya?"

"Mwana wanje, mwanangu, yule jirani alipalilia shamba langu nilipokuwa nimelazwa Mwanza. Sasa mguu wake unaoza. Nimeze mimi, yeye anitazame? Cha asubuhi nakunywa, cha jioni nampelekea. Nusu inanitosha, mimi sukari sina."

Huku Uha ukila peke yako jirani akikuangalia, watu wanakusema mpaka kaburini. Lakini uvimbe haujui ujirani! Nilimwambia hivyo, kwa sauti ya kufukuzia nyani shambani. Akaendelea kuchambua mboga.

Nikaenda kwa jirani. Nilimkuta ameweka mguu kwenye beseni la maji ya chumvi, inzi wanazunguka.

"Mama, naomba dawa ya mama yangu."

Hakubisha. Alifungua pindo la kitenge chake. "Vimebaki vitatu. Sikujua vinamtibu, binti yangu. Nilidhani vya sukari ni vya sukari."

Nilivichukua. Ndiyo, kutoka kwa mwanamke mwenye mguu ule. Nikamwambia aende hospitali Kasulu, kana kwamba hajui njia, nikaondoka bila kumuaga.

Siku zilizobaki nilimsimamia mama kama askari mpaka ateme mate kuonyesha amemeza. Tukapanda basi tena kwenda Mwanza, mwanangu mgongoni.

"Amemeza vyote?" daktari akauliza.

"Vyote," mama akajibu.

"Muongo," nikasema. "Siku tisa alimeza nusu."

Mama alinitazama kama niliyemvua nguo barabarani. Daktari aliandika. "Mionzi tunaanza leo, hatuahirishi, na vidonge ataendelea navyo. Ila kama oksijeni imefika ndani kiasi tulichotaka, hilo siwezi kukwambia."

Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza.

Muuguzi akaja kumchukua. Mlangoni mama akanishika mkono.

"Ukirudi nyumbani, umrudishie vile vitatu ulivyomnyang'anya."

"Havipo, mama. Umevimeza. Cha mwisho ulikinywa leo asubuhi."

Aliuachia mkono wangu.

"Kumbe umenilisha cha wizi," akasema, akaingia ndani, na ule mlango mzito ukafungwa.