Majivu Niliyoyafagia Baada ya Mvua ya Mawe

Mvua ya mawe ilipokatika nilifungua mlango, nikamkuta jirani yangu anamwaga majivu mbele ya nyumba yangu.

Majivu! Yameanzia mlangoni kwangu, yanashuka mpaka kwenye mwamba.

Wewe ungewaza nini?

Naitwa Eliana, naishi Kilimatinde, huku juu mlimani. Kwenda barabarani lazima upite juu ya mwamba. Siku hiyo mawe yaligonga bati karibu nusu saa. Nje kote kukawa kweupe, barafu imejaa njiani kama chumvi ya mawe.

Jirani mwenyewe ni Mama Philipo. Ulikuwa mwezi wa tatu hatusalimiani. Kuku wake walikula alizeti niliyoanika, nikamfuata, akanijibu kwamba kuku hajui mpaka. Nikamwambia mume wangu, Antipasi, amkanye. Akasema, "Majirani hawauani kwa ajili ya kuku."

Asubuhi ile tuligombana tena kwa hilo hilo. Akaondoka kwenda kazini Manyoni, mimi nimenuna. Mawe yalipoanza kupungua alinipigia simu mara tatu. Nikakata zote.

Sasa natoka nje, nakutana na majivu.

"We mama! Unaniroga mchana kweupe?"

Akainuka, debe mkononi. "Eliana mdogo wangu, njia inateleza. Majivu yanashika mguu."

"Nilikuomba?"

"Nimeagizwa na..."

"Umeagizwa na mashetani yako! Toka kwangu!"

Akanitazama tumboni. Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Akafungua mdomo, nikamtukana matusi ambayo hapa siwezi kuandika. Akaweka debe chini, akaondoka.

Nikachukua fagio. Kisirani kilinipa nguvu ajabu. Huku nimeshika kichaka, nikafagia mpaka ukingo wa mwamba. Majivu yakaondoka na mawe ya juu. Chini ikabaki barafu iliyogandamana, laini kama kioo.

Nikarudi ndani, nikajiona mshindi.

Haikupita saa, nikasikia kishindo, halafu ukelele wa mwanamume.

Antipasi!

Alikuwa amelala chini ya mwamba, mguu umegeuka upande ambao mguu haugeuki. Nikataka kumkimbilia.

"Simama hapo hapo!" Mama Philipo alinifokea. "Unataka muwe watatu?"

Akamwaga majivu upya, hatua kwa hatua, wanaume waliosikia ukelele wakapita juu ya majivu hayo wakambeba.

Hospitali wakasema mfupa wa paja umevunjika.

Nikakaa pembeni ya kitanda nikaanza kumshtaki jirani. Antipasi akanikatisha.

"Mimi ndiye niliyemwagiza."

"Nini?"

"Nilikupigia ukakata. Nikampigia yeye, nikamwomba amwage majivu, usije ukatoka ukaanguka na mimba hiyo. Akaniambia anaanza sasa hivi. Bodaboda ikaniacha barabarani. Nikajua njia ni salama, ndiyo maana sikupunguza mwendo."

Nikamwambia kwamba majivu niliyafagia mimi.

Nilimfuata Mama Philipo kumwomba radhi. Hakunikaribisha kiti.

"Ni kweli, kuku wangu walikula alizeti yako," akasema. "Wewe umekula mguu wa mumeo."

Bora angenizaba kofi.

Mtoto alizaliwa baba yake bado yuko kwenye plasta. Aliyenishika mkono kwenda kujifungua ni huyo huyo Mama Philipo, na njia nzima hakunisemesha. Hadi leo Antipasi anatembelea gongo. Hanilaumu, na hilo ndilo linaloniunguza zaidi.

Ndugu msomaji, mawe yakikatika tulia ndani mpaka yayeyuke. Ukilazimika kutoka, vaa kiatu chenye meno, piga hatua fupi, usifiche mikono mfukoni, mwaga majivu au mchanga unapokanyaga. Na simu ya mtu wako, hata kama umemkasirikia, pokea.

Watu wanakuja kunipa pole, wananiambia ajali haina kinga.

Waache kunidanganya. Hii ilikuwa na kinga. Niliifagia kwa mikono yangu.