Biskuti za Mama Mkwe

Benedikta wa Malambo, mjini Bariadi, alikuwa na kiu moja ambayo hakuwahi kuiungama kwa padri wala kumweleza mumewe. Alitaka mtu mmoja, mmoja tu, amwambie ukweli kuhusu biskuti zake za limau. Sifa alikuwa nazo tele, lakini zilikuwa sifa za bure, na vitu vya bure hakuviamini tangu enzi za foleni ya duka la ushirika.

Mumewe Athanasi alisema “nzuri” kabla hajameza. Lakini Athanasi alisema “nzuri” kwa kila kitu. Alilisema neno hilo kuhusu uji, kuhusu mahubiri, na aliwahi kulisema mbele ya jeneza la mjomba wake, seremala akiwa amesimama kando anasubiri maoni. Wanawake wa jumuiya nao walikula, wakalamba vidole, wakasema wabeja mayu, asante mama, wakaenda zao. Wangefanya nini? Usukumani mtu akikupa chakula kwa mikono miwili huanzi kukikagua kama ng'ombe wa mnadani. Unakula, unashukuru, na tumbo likikusumbua baadaye, hilo ni kati yako na kichaka.

Ufundi wenyewe aliupata usichanani, alipokuwa akisaidia jikoni misheni kwa Sista Generoza, mtawa mwenye mikono mikubwa na hasira za karibu, aliyeamini kwamba biskuti ngumu ni adhabu na kwamba adhabu ina mahali pake kanisani. Kisha ikaja ile miaka ya sukari ya kibali na unga wa ngano wa kusikia tu. Benedikta akakaa na ujuzi wake bila kazi, akichemsha matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, kama watu wote. Ilipokuja ruksa ya kila mtu kufanya biashara, maduka ya Bariadi yakajaa ghafla: sabuni za kunukia, betri, mitumba yenye majina ya timu za watu wasiotujua, na sukari, tena ukitaka mfuko mzima unabeba, hakuna anayekuuliza una watoto wangapi. Wengine walilia kwamba ushirika unakufa. Benedikta naye alilia kidogo, kwa heshima, halafu akaenda kununua siagi.

Alizioka kwenye sufuria. Ndani ya sufuria kubwa aliweka mchanga wa kukinga moto wa chini, juu ya mchanga bati, juu ya bati biskuti, halafu mfuniko, na juu ya mfuniko makaa mekundu. Siagi aliikoroga na sukari kwa mwiko mpaka mkono ukamuuma, na bado akaendelea. Akatia mayai, akatia unga, na hapo hakukoroga sana, kwa sababu Sista alikuwa akiwachapa vidole wasichana waliokoroga unga kama wanaua nyoka. Maganda ya limau aliyakwangua kwenye kopo lililotobolewa kwa misumari. Malimau yalitoka kwenye mti wake wa nyuma ya choo, mti uliozaa kuliko miti yote ya Malambo. Kila mtu alijua kwa nini na hakuna aliyesema.

Biskuti zikiwa bado na joto, alizimiminia uji wake. Uji huo ulikuwa sukari aliyoitwanga kwenye kinu ikawa vumbi, akaichekecha kwa kitambaa, akaichanganya na maji ya limau mpaka ikawa nzito. Ukipoa ulishika na kung'aa, utamu unatangulia, uchachu unafuata nyuma kukukunja uso. Ndani, biskuti ilikuwa laini. Majirani waliozoea zile za dukani zinazolia ukizivunja walidhani hazijaiva. Nao wakasema nzuri.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye Benedikta aliamini maoni yake, na ndiye mtu pekee duniani ambaye hakuweza kumuuliza. Huyo alikuwa mkwe wake Luhaga, mume wa bintiye Milembe, mwenye duka kule Lamadi karibu na ziwa. Mambo ya ukwe yanajulikana. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapigi soga; wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye miiba. Kwa hiyo Luhaga akija kusalimia, Benedikta alikimbilia chumbani, na salamu zikapitia kwa Athanasi. Lakini kila alipoondoka, mkwe alipewa kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa biskuti. Na kila mara kopo lilirudi upesi, biskuti zote zimekwisha, na ndani yake mna sukari, unga na siagi, zawadi ya mkwe kwa mama.

Benedikta alilitazama kopo hilo akajiambia kwamba ulimi wa mtu unaweza kudanganya, kopo haliwezi. Kijana anazipenda. Akaongeza kopo la pili.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda miaka minne, mpaka mwaka wa tisini na nne, shule zilipofungwa. Milembe alikuwa mwalimu. Siku zote yeye huwa darasani na mumewe dukani, na alichojua ni kwamba makopo ya mama yake huenda dukani kunywewa chai. Likizo hiyo akapita dukani bila taarifa. Akazikuta biskuti za mama yake kwenye chupa kubwa ya kioo, katikati ya betri na nyembe, na mwanamke wa dagaa akizinunua. Hakuuliza kitu. Alifungasha nguo, akapanda basi, akaingia Malambo macho mekundu.

“Anazipanga kwenye chupa na kuziuza, mama,” alisema. “Zawadi yako anaiuza kama sabuni.”

Benedikta alijua anachotakiwa kufanya. Alitakiwa ashike kichwa, akae chini, majirani waitwe. Badala yake swali likamponyoka.

“Walikuwa wananunua?”

Milembe aliingia chumbani akafunga mlango.

Ilimuuma Benedikta, tusidanganyane. Miaka minne aliliamini kopo, na kopo nalo limeungana na wengine kumdanganya. Kama Luhaga alizipenda, zilibakije hata za kuuza? Aliona aibu alipokumbuka kopo la pili. Lakini kando ya maumivu hayo alikuwa amekaa yule mwanamke wa dagaa, hataki kuondoka. Mwanamke yule hakuwa jirani, hakuwa wa jumuiya, hakuwa na mkwe wa kumwogopa. Wanawake wa dagaa wa Lamadi wanajulikana: wanaweza kukutukana kwa sababu ya kibaba kisichojaa vizuri. Mtu wa namna hiyo hatoi hela yake kwa heshima.

Alitaka kujua. Kuliko alivyotaka kuombwa radhi, kuliko alivyotaka faini, alitaka kujua kama yule mwanamke alirudi kununua tena.

Nyumbani nako kukawa hakukaliki. Milembe, kwa kukosa wanafunzi, aliwasahihisha wazazi. Alisahihisha jinsi wanavyofagia, jinsi wanavyokunja nguo, jinsi baba yake anavyotamka majina ya nchi yanayosomwa redioni. Alikuwa amekata kauli kwamba harudi Lamadi mpaka Luhaga apige magoti. Benedikta alimpenda bintiye kwa moyo wote, na alitamani sana aende zake.

Luhaga alikuja Jumamosi asubuhi, na pikapu ya kuazima na sato wawili wakubwa wa kutuliza roho za watu. Benedikta alikuwa amejiandaa. Alikuwa amempa Athanasi swali moja la kuuliza, moja tu, na kumkaririsha mara kadhaa kama mtoto anayetumwa dukani: muulize nani ananunua, na kama wanarudi. Athanasi akaitikia. Kisha mkwe akasikika uani akisalimia, mwangaluka, na Benedikta akakimbilia nyuma ya pazia la chumba, akaketi kwenye kigoda, sikio mbele.

Hakujua kwamba Athanasi alikuwa na shauri lake. Athanasi alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi, na tangu wanunuzi binafsi wa pamba waje na mizani zao hakuna mtu aliyemwita karani tena, wala kusimama kwenye foleni mbele yake na kofia mkononi. Leo amepata mtu wa kusimama mbele yake. Alivaa koti. Alizungumzia heshima ya nyumba. Alizungumzia babu yake na ng'ombe wa babu yake, mmoja baada ya mwingine, kwa rangi zao. Alidai mbuzi wa faini, na alipoona Luhaga habishi, mbuzi akageuka mtamba wa ng'ombe. Nyuma ya pazia Benedikta alikohoa kumkumbusha swali. Athanasi naye akakohoa kumjibu, akaendelea.

Luhaga, macho sakafuni, alijieleza kwa ufupi. Chakula cha mama mkwe hakirudishwi, hakitupwi, hakipewi mbwa. Alikuwa na kopo zima na hana pa kulipeleka. Mteja mmoja akaonja, akataka kununua. Hela yenyewe hakuigusa. Ndiyo ile sukari na ule unga na siagi vilivyokuwa vinarudi ndani ya kopo. Athanasi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kikarani, akasema mtamba awe mwenye afya.

Benedikta alisubiri swali lake. Athanasi alipoanza kueleza rangi ya mtamba anayemtaka, akaona huyu mwanamume atakufa kabla hajauliza. Akachukua kitenge, akajifunika kichwa chote, akageuka, na akaingia sebuleni kwake mwenyewe kinyumenyume.

Jambo hilo halikuwa limewahi kuonekana Malambo. Aligonga stuli kwa makalio, akaisukuma, akasimama katikati ya chumba mgongo kwa mkwe, uso kwa ukuta wenye kalenda ya parokia. Luhaga aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni. Athanasi alibaki mdomo wazi, mtamba amemkwama kooni.

“Mkwe,” Benedikta aliiambia kalenda, “nani ananunua?”

Ikaja sauti ya chini kutoka sakafuni.

“Wanawake wa dagaa, mayu. Na abiria wa mabasi ya Musoma.”

“Wanarudi?”

“Wanarudi. Zikiisha wananitukana.”

“Wanakutukanaje?”

Luhaga akasema, kwa adabu zote, kwamba maneno yale hayasemeki mbele ya mama mkwe. Benedikta alifumba macho ndani ya kitenge. Raha ilimpanda mwilini mpaka masikio yakawa ya moto. Watu wasiomjua, wasiomdai adabu, wanatukana kwa kukosa biskuti zake. Angeweza kuishia hapo, na mwanamke mwenye busara angeishia hapo.

“Na wewe mwenyewe unazionaje?”

Athanasi alikohoa kwa nguvu, safari hii akimwomba mkwe aseme lile neno linalosemwa katika nyumba hii. Milembe alikuwa ametokea mlangoni, ufagio mkononi. Luhaga alivuta pumzi.

“Mayu, limau linanishinda. Siku ya kwanza nilikula nusu. Nusu nyingine nikaitia mfukoni. Sijaonja tena.”

Kitenge kikaanza kutikisika. Athanasi alidhani mkewe analia, akainuka kwenda kumshika, akakuta anacheka, anacheka mpaka ameegemea kalenda. Kweli aliyoitaka ilikuwa imemfikia. Hatimaye mtu amemtazama, yaani ameutazama mgongo wake, akamwambia hapana. Na hiyo hapana ilikuwa tamu kwa sababu sasa alijua kwamba wale wanawake wa dagaa nao walisema ndiyo ya kweli.

Alitoa hukumu akiwa amegeukia ukutani. Mtamba hayupo, mbuzi hayupo, sato wapikwe. Makopo sasa yawe matatu, na chupa ya kioo iwe kubwa zaidi. Na mwezi ujao yeye mwenyewe ataenda Lamadi kukaa kwenye kona ya duka awaone wakila, na siku hiyo mkwe atafute pa kujificha. Kisha akamwambia Milembe akafungashe.

“Mama, alikudanganya miaka minne,” Milembe alisema.

“Hakunidanganya. Sikuwahi kumuuliza.”

Milembe alifungua mdomo kusahihisha, hakupata kosa. Akaweka ufagio. Alipopita karibu na mumewe, ambaye bado alikuwa amekaa sakafuni, alimwambia ainuke, anachafua suruali, na Luhaga akainuka haraka, kwa sababu katika ndoa yao hayo yalikuwa maneno ya mapatano.

Baada ya sato kuliwa, wanaume sebuleni na wanawake jikoni, Milembe na Luhaga wakatoka kupakia pikapu. Benedikta alirudi sebuleni na sahani ya biskuti za asubuhi. Athanasi alikuwa anavua koti polepole. Kupotelewa na mtamba kulimuuma, lakini alikuwa na jambo jingine rohoni. Alisema kwamba kwa vile leo imekuwa siku ya watu kuambizana ukweli, na yeye ana lake, amekaa nalo siku nyingi. Zile biskuti ni nzuri, alisema. Ila zinaungua chini. Si sana. Kidogo.

“Na wewe nani amekuuliza?” Benedikta alisema.

Athanasi akatundika koti msumarini, akatoka kwenda kuagana na wageni, mwepesi kama mtu aliyetua gunia la pamba. Benedikta alisimama peke yake na sahani. Alisikiliza kwanza kama kuna anayekuja. Kisha akachukua biskuti moja, akaigeuza akatazama chini yake. Akachukua ya pili, akaigeuza. Akaweka sahani mezani, akaenda nyuma ya nyumba kuchota mchanga zaidi.